Madam Aliyekwenda Huku Tu

Katika vijiji vya Belgut, huko Kericho, mkikutana njiani, salamu haijakamilika mpaka umemuuliza mwenzako anaenda wapi. Hakuna anayeona ni udaku. Anayepeleka majani ya chai kituoni atasema anapeleka majani, anayetafuta dume la kupandia ng'ombe wake atasema hivyo bila haya, na anayekwenda mazishini atakuambia aliyekufa ni nani na aliugua nini. Madam peke yake ndiye aliyekuwa akijibu, "Naenda huku." Ukimuuliza huku wapi, alinyoosha kidole mbele, popote pale mbele ilipokuwa siku hiyo, akasema, "Huku tu." Kisha akapita zake, akikuacha umesimama na swali lako.

Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi niliyopelekwa kufundisha nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nje kidogo ya Sosiot. Walimu wote wa kike huitwa madam, nami nikiwemo, lakini ukisema "Madam" bila kuongeza jina, kila mtu kuanzia mpishi wa shule mpaka wauza nyanya wa sokoni alijua ni yeye. Mimi nilitoka Murang'a. Mama yangu alilia aliposoma barua yangu ya kazi, maana miaka ya vurugu za kikabila ilikuwa bado haijasahaulika na yeye aliposikia Kericho alisikia moto tu. Nilifika nikiwa na sanduku moja, godoro lililofungwa kamba, na woga ambao sikumwonyesha mtu. Nilipewa chumba katika nyumba za walimu, dirisha likitazama shamba la chai la jirani, na kwa wiki tatu za kwanza nilikuwa natoka darasani, nafunga mlango, nakaa.

Jumamosi ya wiki ya nne nilisikia mtu akibisha kwa kucha, si kwa ngumi. Alikuwa amesimama nje amevaa gambuti, sweta ya kijivu iliyochakaa viwiko, na kitambaa cha kichwa cha rangi ya chungwa.

"Uko na kazi?" akaniuliza.

"Sina, Madam."

"Basi vaa viatu."

Nilidhani tunaenda kwa mgonjwa. Kisha nikadhani tunaenda sokoni, lakini tukapita nyuma ya soko, tukavuka daraja la magogo, tukapanda kilima kwa njia ya ng'ombe, tukatokea mahali ambapo mashamba ya kampuni yalianza na chai ikawa haina ua tena, kijani kibichi kimoja kilichokatwa usawa kama kitanda kilichotandikwa, mpaka macho yakachoka. Akasimama. Nikasubiri aniambie tumefuata nini. Baadaye akageuka, tukarudi kwa njia nyingine, na nilipofika chumbani nikagundua kwamba nilikuwa nimesahau kuogopa tangu saa nne asubuhi.

*

Mtu asidhani alikuwa mwanamke mlegevu. Shuleni hakuna aliyeishi kwa saa kama yeye. Kengele ikipigwa dakika mbili baada ya wakati wake, alitoka ofisini ameshika saa yake mkononi, akamtazama aliyeipiga mpaka yule akatamani ardhi imfunike. Mwanafunzi aliyechelewa alifyeka nyasi. Mwalimu aliyechelewa alisalimiwa kwa heshima kubwa sana mbele ya wenzake, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kufyeka nyasi. Alifundisha hesabu darasa la saba, na hakuruhusu jibu lisilo na njia. "Umefikaje hapa?" ndilo swali lake. "Nionyeshe umepitia wapi."

Tena ndiye aliyesimamia michezo. Kule watoto huzaliwa wakikimbia, na Madam alisimama kando ya uwanja na saa ya kupimia mbio, akiwapigia kelele watoto wa watu kwa ajili ya sekunde mbili. Mtoto wake mwenyewe wa mwisho, msichana mwenye miguu mirefu, aliwahi kulia mbele yetu baada ya kushinda mbio za wilaya, kwa sababu mama yake alimwambia amekimbia vibaya kuliko Alhamisi iliyopita. Lakini ikifika Jumamosi, mwanamke huyo huyo aliivua saa ya mkononi na kuiweka ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya bakuli za wageni. Tukiwa njiani tukapitwa na vijana wanaofanya mazoezi, jasho likiwatiririka, yeye alisimama kando kuwapisha na kuwatazama kwa huruma.

"Maskini," alisema. "Wamepita hapo kwa mti na hawajauona."

Nilimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyewafundisha wengi wao kukimbia.

"Ile ni kazi," akanijibu, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angelijua.

Alikuwa na jambo lingine ambalo sijawahi kulielewa. Mwanamke huyo aliyezunguka vijiji vyote alikuwa akiogopa ng'ombe. Alizaliwa kwenye maziwa, ameolewa kwenye maziwa, na zizini kwake mlikuwa na ng'ombe wanne aliowakamua mumewe. Tukikutana na ng'ombe njiani, hata ndama, Madam alinishika mkono na kujificha upande wangu wa pili. Mara moja tulizunguka kilima kizima kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyelala kivulini na kutafuna, asiye na habari nasi. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. "Anajua tunampitia," alisema.

*

Alikuwa na taratibu zake za kutembea, ingawa hakuzitamka kamwe kama taratibu. Hakubeba kitu. Hakupanda gari, hata dereva anayemjua akisimama na kumfungulia mlango mvua ikinyesha. Hakuuliza njia inaenda wapi. Kama njia iliishia kwenye ua wa mtu, aliingia, akasalimu, akakaa, akanywa alichopewa. Kwa njia hiyo nilikunywa maziwa ya kibuyu katika nyumba nyingi ambazo singezijua hata kwa miaka kumi. Maziwa yale yaliyogandishwa na kutiwa unga wa mkaa, mursik wenyewe, mara ya kwanza niliyashika mdomoni nikiwa sijui niyameze au niyateme, na bibi wa nyumba ile akacheka mpaka machozi. Mara ya tano niliomba niongezwe. Madam aliwaambia watu, "Huyu ni mtoto wetu wa shule, ametoka Murang'a," na kuanzia hapo wakaacha kunitazama kama mtu aliyeshushwa na gari kwa makosa. Sidhani alipanga iwe hivyo. Aliingia pale kwa sababu njia ilikuwa imeishia pale.

Alipenda vitu vidogo sana. Harufu ya kiwanda cha chai alfajiri, ile harufu ya majani yanayokaushwa ambayo hukaa nguoni kama harufu ya mtu. Moshi unaotoka kwenye paa la nyasi bila bomba, kana kwamba nyumba yenyewe inapumua. Wachumaji waliovaa aproni za plastiki za njano, vikapu mgongoni, wakitembea kwa mstari ndani ya ukungu mpaka unaona vichwa tu. Alikuwa akisimama nje ya makanisa ya madhehebu mengine ili asikie wimbo ukianza, na akiondoka kabla haujaisha. Nilimuuliza kwa nini hangoji mwisho.

"Mwisho naujua," akasema. "Ni amina."

Siku moja nilichoka kutojua. Tulikuwa tumetembea tangu asubuhi, kisigino changu kimechubuka, na nilikuwa na madaftari sabini ya kusahihisha. Nikamuuliza kwa ukali kidogo, "Madam, lakini unatafutanga nini huku?"

Hakukasirika. Alivunja kijiti cha mkaratusi, akakinusa, akanipa nikinuse.

"Nikitafuta kitu," akasema, "nitaona hicho kitu peke yake."

*

Lakini ningekuwa namwongopea msomaji kama ningesema kutembea huko hakukuwaumiza watu wengine. Wifi yake aliwahi kutoka Bomet na mtoto mchanga mgongoni, kwa ahadi waliyowekeana, akamkuta Madam hayupo. Alikaa kwenye benchi ya jikoni tangu saa tano mpaka saa kumi na moja, akahudumiwa na mzee wa nyumba ambaye hakujua chumvi inawekwa wapi. Madam aliporudi, gambuti zimejaa matope na uso umejaa furaha, wifi alikuwa ameshafunga mtoto mgongoni. Hakuja tena kwa miaka miwili. Binti mkubwa wa Madam aliniambia wakati mmoja, tukiosha vyombo, kwamba utotoni alikuwa akirudi kutoka shuleni siku za Jumamosi za mafunzo ya ziada na kutazama kwanza lile kabati la vyombo. Akiona saa nyuma ya bakuli, alijua atapika mwenyewe.

Nilimwambia Madam maneno hayo, nikidhani atajitetea. Aliendelea kutembea. Karibu na shule akasema, "Ni kweli. Nilimfanyia vibaya." Jumamosi iliyofuata akatoka kama kawaida.

*

Baba yangu alifariki mwaka wangu wa pili pale. Telegramu ilitumwa, ikapotelea sijui posta gani, na barua ya kaka yangu ndiyo iliyonifikia, siku tisa baada ya mazishi. Niliisoma nikiwa nimesimama ofisini kwa mwalimu mkuu. Ilisema wamemzika karibu na mparachichi, ilisema watu walikuwa wengi, ilisema waliningoja mpaka saa nane na pasta akasema hawezi kungoja zaidi.

Niliomba ruhusa, nikapewa, nikaenda nyumbani, nikaliona kaburi, nikarudi. Lakini nilirudi nikiwa mtu mwingine. Sikulia. Nilifundisha, nikala, nikalala, na ndani ya kichwa changu watu walikuwa bado wanasimama Murang'a, wananingoja, wanatazama barabara. Walimu wenzangu walinijia na maneno mazuri. Kila mmoja alikuwa na jambo la kunishauri nifanye: nijenge kaburi vizuri, niwe namtumia mama kitu, niombe. Nilimwitikia kila mmoja kwa kichwa.

Madam hakuja siku hizo. Nilimwona shuleni, akanipa pole mara moja, basi. Nilisikitika, kusema kweli. Kisha likizo ya Agosti ikaanza, walimu wakaenda kwao, nami sikuwa na nguvu ya kusafiri. Asubuhi ya Jumatatu kucha zikagonga mlango.

"Leo hakuna kitu unaweza kufanya kwa baba yako," akaniambia nikiwa bado nimeshika kitasa. "Wala kesho. Umeelewa? Hakuna. Sasa njoo twende."

Tulielekea upande wa Kapsoit, lakini kwa njia za nyuma, juu na chini, juu na chini, kupitia mashamba ya mahindi na miti ya miwati. Hakuniuliza kuhusu baba. Alinionyesha nyumba iliyopakwa udongo mweupe na madoa ya bluu. Tulikaa juu ya jiwe tukala viazi alivyopewa na mwanamke mmoja wa njiani. Ilipofika saa nane, mbingu zikawa nyeusi kama kawaida ya kule, tukakimbilia banda la kupimia majani, lile banda la mabati ambamo wakulima hupanga foleni na vikapu vyao. Tulikuta wanawake kama kumi wamejibanza humo. Mvua ya mawe ikashuka. Mtu ambaye hajasikia mvua ya mawe juu ya mabati hawezi kuelewa. Hata ukipiga kelele hujisikii mwenyewe.

Ndani ya kelele ile nikaanza kulia kwa sauti. Nililia kama mtoto, mdomo wazi, na hakuna aliyesikia. Madam alikuwa amesimama karibu nami, bega lake limegusa bega langu, anatazama mawe meupe yakirukaruka kwenye udongo mwekundu. Hakunigeukia. Mwanamke mmoja mbele yetu aliokota jiwe la barafu, akalitia mdomoni, akampa mwenzake lingine, na wote wakaanza kuokota na kula, watu wazima wenye wajukuu. Mvua ilipoisha, nami nilikuwa nimemaliza. Chai yote ya mteremko ule ilikuwa imechanika vipande na wenye mashamba walisimama wakiitazama, mikono viunoni. Mmoja wao akanitazama macho yangu mekundu, akadhani nalilia chai. "Pole, mwalimu," akasema. "Itachipuka." Nikasema asante.

Tulifika nyumbani giza likiingia. Mlangoni nikataka kumshukuru. Akasema, "Osha miguu na maji moto," akaenda.

*

Jambo la kanisa lilitokea mwaka uliofuata. Nilikuwapo kwa sababu mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kamati ya wazee wa kanisa.

Kulikuwa na ndugu wawili waliokuwa wakigombania mpaka wa shamba la marehemu baba yao, upande wa mtoni. Kila mmoja alikuwa amemwona Madam amesimama kwenye ua, na kila mmoja akaamini ametumwa na mwenziwe kuchunguza mahali mawe ya mpaka yalipokuwa. Walibishana juu ya kila kitu, lakini juu ya Madam wakakubaliana. Wakapeleka malalamiko kwa wazee wa kanisa. Hao nao walikuwa na yao: mke wa mtu, naibu wa mwalimu mkuu, kiongozi wa chama cha akina mama, anaonekana leo huku, kesho kule, hana mzigo, hana mgonjwa. Watu walikuwa wameanza kusema mengi, na mengine sikuyaandika.

Aliitwa baada ya ibada. Alikaa kwenye kiti cha mbele, mikono magotini, na mzee wake, fundi wa mashine aliyestaafu kutoka kiwandani, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, kofia mapajani.

"Mama, hatujakuita kwa ubaya," mwenyekiti alianza. "Tunataka kujua tu. Jumamosi ya juzi ulisimama kwa ua wa hawa watu karibu saa nzima. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia vile mama wa hapo anachuma chai."

"Anachuma vipi?"

"Anachuma akiimba. Mikono inafuata wimbo. Akisahau maneno, mikono inasimama. Akikumbuka, inaendelea."

Wazee wakatazamana. Mwenyekiti akauliza alikuwa anaenda wapi. Nilimwombea moyoni atunge kitu, chochote, kuku, mgonjwa, mbegu. Akasema, "Huku tu."

Yule ndugu mkubwa akasimama. "Hiyo ni uongo! Mtu hawezi kutembea bure. Hata mbwa iko na mahali inaenda!"

Ndipo kiti cha nyuma kikalia. Mzee wake alikuwa amesimama. Mimi sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu.

"Mimi nataka kuuliza," akasema taratibu, akizungusha kofia mikononi. "Kama kuna mtu angeuliza hii mama inaenda wapi, ni nani? Si ni mimi?"

Akawatazama wazee mmoja mmoja.

"Na mimi sijauliza. Miaka thelathini. Anatoka, anarudi. Akirudi amefurahi. Chakula ikichelewa, mimi ndio nangoja. Sasa nyinyi mnaharakisha nini?"

Mzee mmoja wa kamati alicheka, akajifanya anakohoa. Sikujua niandike nini, nikaandika kwamba mume wa mhusika alitoa maelezo. Lakini kamati ni kamati. Waliamua apumzike uongozi wa akina mama kwa muda, na muda huo haukuisha. Hilo lilimuuma. Alikuwa amelea chama kile miaka kumi na miwili, na wanawake aliowafundisha kusoma hesabu ya chama walikaa kimya, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Aliniambia baadaye walivyorudi nyumbani siku ile. Walitembea wote wawili, mzee mbele na yeye nyuma. Karibu na lango mzee akasema bila kugeuka, "Mimi sijui unaonanga nini huko. Lakini ni yako."

Kwa wiki tatu hakutoka. Wiki ya nne nikamwona njiani na kikapu mkononi. Nilishtuka kana kwamba nimemwona na bunduki. Kikapu kilikuwa kitupu. Alikibeba ili watu wadhani anaenda sokoni, wanyamaze. Walinyamaza kweli. Ila sasa kila aliyekutana naye alimtuma. "Madam, kwa vile unapita sokoni, niletee kibiriti." "Madam, mwambie fundi wa baiskeli nitakuja kesho." Jumamosi ya tatu alifika kwangu na kikapu kimejaa vitunguu vya watu watatu tofauti, akakibwaga mlangoni, akakaa juu ya ngazi.

"Nimetembea njia moja wiki tatu," akasema. "Kwenda na kurudi. Hata sijui mahindi ya huko juu yamefika wapi."

Tuligawa vitunguu vile jioni hiyo. Juma lililofuata aliniachia kikapu, akasema nitie mkaa. Akapita mbele ya kanisa mchana kweupe, mikono mitupu, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, na mwenyekiti wa kamati akiwa kwenye ua wake akamuuliza, kwa adabu ya kawaida, anaenda wapi. Akamjibu kama zamani.

*

Niliondoka Sosiot nilipoolewa, nikahamia shule moja upande wa Sotik. Tuliandikiana mwanzoni, kisha barua zikapungua kama zinavyopungua. Nilisikia amestaafu. Nilisikia mzee wake ameaga dunia, na mazishini nilienda, nikamkuta amezungukwa na watu, hatukupata nafasi ya kuongea.

Mara ya mwisho ilikuwa Kaplong, muongo mmoja ukikaribia kuisha tangu niondoke. Nilikuwa nimempeleka mtoto wangu wa pili kudungwa sindano ya chanjo katika hospitali ya misheni, nikawa natoka mbio ili niwahi gari la saa sita. Kwenye benchi ya nje, juani, nikaona mwanamke mzee amekaa na mkongojo kando yake. Sikumtambua kwanza kwa sababu alikuwa amekaa.

"Unakimbia kama msichana wangu," akasema.

Alikuwa amevunjika nyonga. Si njiani, si kwenye magogo ya daraja wala kwenye miteremko. Alianguka jikoni kwake akipanda kigoda afikie unga. Mfupa ulikuwa umeungwa, alikuwa anaendelea vizuri, na daktari alikuwa amemwandikia jambo ambalo lilimfanya akasirike kuliko maumivu.

"Kutembea!" akaniambia, macho yakiwaka. "Nimeandikiwa kutembea. Kutoka hapa mpaka gate, na kurudi. Asubuhi mara mbili, jioni mara mbili. Wanaweka alama kwa karatasi."

"Na unatembea?"

"Sitembei."

Muuguzi kijana akatokea mlangoni, akamwita kwa upole kama wanavyoita bibi kwa Kikipsigis. "Kogo, umeenda mara ya pili?" Madam akatazama upande mwingine kama mtoto aliyekataa uji. Muuguzi akanitazama mimi, akiomba msaada. Gari langu la saa sita lilikuwa linapiga honi barabarani. Niliisikia vizuri sana. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Nikamwambia muuguzi nitamsindikiza mimi mpaka langoni.

Tulienda polepole. Mkongojo, mguu, mguu. Alihema, akatukana kidogo kwa Kikipsigis, akasimama, akaendelea. Ilituchukua muda mrefu kufika langoni. Nilikuwa nafikiria kumgeuza nimsaidie kurudi, lakini alikuwa ameshapita. Mlinzi alitutazama, akatupisha.

Hatukuenda mbali. Labda hatua mia, kando ya ua wa saiprasi, mpaka mahali njia ilipogawanyika. Moja iliteremka mtoni katikati ya chai. Nyingine ilipita nyuma ya nyumba chache, ikaingia kwenye mahindi, isionekane tena. Madam alisimama, ameegemea mkongojo kwa mikono yote miwili, jasho juu ya mdomo. Alikuwa amekonda. Upepo ulileta harufu ya majani mabichi na ya maziwa yaliyochemka kutoka kwa nyumba ya mtu, nikamwona akiivuta yote, macho amefumba.

Nilimwambia gari limeniacha.

"Liko lingine," akasema. Kisha akafumbua macho, akazitazama njia zile mbili, akanitazama. Miaka yote tuliyotembea pamoja, ni yeye aliyekuwa akitangulia, nami nikifuata gambuti zake bila kufikiri.

"Chagua wewe," akaniambia.

Nikasimama nikitafuta sababu. Ile ya mtoni ilikuwa na mteremko, ile ya mahindi sikujua ilikoelekea, muuguzi angetutafuta, mtoto angeamka na njaa. Madam alingoja. Hakuniharakisha. Nikaacha kutafuta, nikamshika chini ya kiwiko, tukaingia kwenye mahindi.